Vidole Viwili, Nyuzi Sita: Uhakiki wa Dhana ya Sauti katika Uandishi wa Tablatura ya Gitaa kwa Programu za Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za kuandikia muziki, hususani MuseScore na LilyPond, zinavyoshughulikia tablatura ya gitaa yenye sauti zaidi ya moja. Mfano unaoongoza uhakiki ni mtindo wa vidole viwili wa Katanga, uliopata umaarufu kupitia Jean-Bosco Mwenda. Hoja kuu ni kwamba kile ambacho programu hukiita sauti si sauti inayosikika, wala si mwendo wa kidole. Ni mkondo wa muda tu. Kwa hiyo mnukuzi hulazimika kuamua sauti ni nini kabla ya kuandika nota ya kwanza, na uamuzi huo hubadili picha ya muziki ambayo msomaji ataipokea. Makala yanatetea msimamo kwamba, kwa mtindo huu, mikondo ya programu itumike kuonesha kazi ya vidole, uzi uteuliwe na mnukuzi badala ya mashine, na melodia inayosikika ioneshwe kwa alama nyingine.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, nyimbo za kijana Jean-Bosco Mwenda, ukiwamo wimbo "Masanga". Mwenda alicharaza gitaa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na cha shahada kikashika nyembamba, lakini matokeo yake yalikuwa mazito kiasi kwamba asiyemwona angeweza kudhani kuwa magitaa ni mawili. Mwenda aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, ambako upigaji wake uliacha athari kwa wapigaji wa Kenya wa kizazi hicho. Mtindo huo, kwa hiyo, ni sehemu ya urithi wa muziki wa wazungumzaji wa Kiswahili kwa ujumla, wala haukuishia Katanga.

Mwenda alifariki mwaka 1990. Wenzake wengi wa kizazi chake nao wametangulia. Kadiri walioshika gitaa kwa namna hiyo wanavyopungua, ndivyo maandishi yanavyopewa mamlaka ambayo zamani yalikuwa ya mwalimu aliyeketi mbele ya mwanafunzi. Anayetaka kujifunza leo hukutana na santuri zilizohifadhiwa upande mmoja, na tablatura zilizochapwa kwa kompyuta upande wa pili. Santuri haidanganyi, lakini pia haioneshi mkono. Tablatura huonesha mkono, lakini yaweza kudanganya. Hapo ndipo uhakiki huu unapoanzia.

Unukuzi wa muziki huu una historia yake. David Rycroft alichapisha uchambuzi wa gitaa la Mwenda katika jarida la African Music, sehemu ya kwanza mwaka 1961 na ya pili mwaka 1962, akitegemea zaidi rekodi. John Low alisafiri hadi Shaba, jina la Katanga la wakati huo, akakaa na wapigaji wenyewe, na shajara ya safari yake ikachapishwa mwaka 1982. Njia hizi mbili, ya sikio na ya jicho, ndizo zinazokutana tena ndani ya programu za kisasa, ingawa watumiaji wengi hawatambui kuwa wanachagua baina yake.

2.0 Neno "sauti" na utata wake

Katika Kiswahili neno "sauti" hubeba maana kadhaa. Ni mlio wowote unaosikika. Ni koo la mwimbaji. Na katika kwaya ni sehemu anayopewa mwimbaji. Mwanakwaya anapoulizwa anaimba sauti gani, hujibu ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, na kila mmoja anaelewa. Sauti ya kwaya ina mwili: ina watu wake wanaosimama mahali pao, wanaovuta pumzi pamoja na kunyamaza pamoja. Hata katika maandishi ya do-re-mi yanayotumiwa na kwaya nyingi za Afrika Mashariki, kila sauti ina mstari wake. Hakuna anayechanganya sauti ya pili na ya tatu, kwa sababu haziketi mahali pamoja.

Programu za muziki zimerithi dhana hii lakini zimeipunguza. Ndani ya MuseScore, mistari mitano au sita ya chombo kimoja huweza kubeba hadi sauti nne. Sauti ya kwanza huonekana kwa buluu skrini inapoteuliwa, ya pili kwa kijani, na nyingine kwa rangi zake. Ndani ya LilyPond, programu iliyoanzishwa mwaka 1996 na Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, mwandishi huandika muziki kwa maandishi kama anavyoandika barua, kisha programu huuchora; humo sauti hutajwa kwa amri, na ya kwanza hupewa vijiti vinavyoelekea juu, ya pili vinavyoelekea chini. Katika programu zote mbili sharti la msingi ni moja: ndani ya sauti moja, nota huanza baada ya iliyotangulia kumalizika. Nota mbili zinazoingiliana kwa muda, moja ikianza kabla ya nyingine kwisha, haziwezi kukaa katika sauti moja.

Kwa mujibu wa sharti hilo, sauti ya programu ni mkondo wa muda. Mkondo huo haujui ni nani anaimba, kidole gani kinapiga, wala sikio linafuata nini. Ni chombo cha kupangia vijiti na alama za kimya. Kosa la kwanza la wanukuzi wengi ni kuuchukua mkondo huu kana kwamba ni sauti ya kwaya, yaani kitu chenye mwili, na kuupachika juu ya gitaa bila kuuliza mwili huo ni upi.

3.0 Kipimo kimoja, maandishi matatu

Ili hoja isielee hewani, uchukuliwe mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya, usio wa wimbo wowote. Kipimo kina midundo minne. Kidole gumba kinapiga juu ya kila mdundo, na kidole cha shahada kinapiga katikati ya midundo. Nyuzi zimelinganishwa kwa kawaida, yaani, kutoka uzi mnene, Mi, La, Re, Sol, Si, Mi. Mstari wa juu ni uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko yote.

1 |------0---------|
2 |--1-----------1-|
3 |----------0-----|
4 |----2-------2---|
5 |3---------------|
6 |--------3-------|

Kuna njia tatu za kuandika kipimo hiki. Njia ya kwanza ni sauti moja: nota nane zenye urefu sawa, kila moja nusu ya mdundo, zikifuatana bila kupumzika. Njia ya pili ni sauti mbili kwa kufuata vidole. Sauti ya chini ni ya kidole gumba, nota nne za mdundo mmoja mmoja. Sauti ya juu ni ya kidole cha shahada, inayoanza na kimya cha nusu mdundo na kuendelea kupishana na kimya hadi mwisho. Njia ya tatu ni sauti tatu kwa kufuata sikio. Sauti ya juu ina Do, Mi na Do kwenye nyuzi za pili na ya kwanza. Besi ina Do na Sol ya chini kwenye nyuzi za tano na sita. Na katikati kuna Mi, Sol, Mi kwenye nyuzi za nne na tatu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tarakimu katika mistari sita ni zilezile katika njia zote tatu. Msomaji anayetumia tablatura rahisi, isiyo na vijiti, hataona tofauti yoyote. Tofauti huibuka pale tu muda unapooneshwa: kwa kuchagua aina ya tablatura yenye vijiti katika MuseScore, au kwa kuita amri ya tablatura kamili katika LilyPond, ambayo bila amri hiyo huacha vijiti vyote nje. Hapo ndipo kipimo kimoja kinapogeuka kuwa picha tatu. Ya kwanza inamwambia mwanafunzi kuwa mkono ni mmoja na unakimbia. Ya pili inamwambia kuwa vidole ni viwili na kila kimoja kina mdundo wake. Ya tatu inamwambia kuwa kuna nyimbo tatu ndani ya gitaa moja.

Ikumbukwe pia kwamba hakuna hata moja kati ya picha hizo inayosema kweli kuhusu muda halisi wa mlio. Uzi wa gitaa ukishapigwa huendelea kulia hadi kidole cha kushoto kiondolewe, au uzi huo upigwe tena, au mlio ufe wenyewe. Katika mfano uliotolewa, uzi wa kwanza uliopigwa wazi baada ya mdundo wa pili utaendelea kulia hadi kipimo kifuatacho. Uzi wa pili utalia tangu baada ya mdundo wa kwanza hadi baada ya mdundo wa nne. Uzi wa nne unalia midundo miwili kabla ya kupigwa tena. Nyuzi za tano na sita zaweza kupokezana katika mkondo mmoja, lakini uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne unadai kila mmoja mkondo wake, kwa kuwa milio yake inaingiliana. Jumla ni mikondo mitano. MuseScore inaruhusu minne. LilyPond haiweki ukomo huo, lakini ukurasa wenye mikondo mitano ya vijiti juu ya mistari sita hausomeki; ni kichaka.

Matokeo haya yana fundisho. Ukweli wa mlio hauandikiki kwa ukamilifu katika gitaa, na si kwa sababu programu ni dhaifu. Wachapaji wa tablatura za kinanda cha nyuzi cha Ulaya cha karne ya 16 walilijua jambo hilo. Kitabu cha Luis Milán, El Maestro, kilichochapwa Valencia mwaka 1536, kiliweka alama za muda juu ya mistari, na alama hizo zilionesha tu muda kati ya pigo moja na linalofuata. Urefu wa kila mlio uliachiwa mkono na busara ya mpigaji. Ukimya huo wa tablatura mara nyingi hutajwa kama kasoro yake. Uhakiki huu unauona kama uaminifu: tablatura ilisema ilichokijua, yaani wapi na lini pa kupiga, ikanyamaza juu ya kile ambacho mkono ungeamua wenyewe. Programu ya kisasa hainyamazi. Inadai kila nota iwe na urefu, na urefu huo ukishaandikwa husomwa kama agizo.

4.0 Programu inapochagua uzi

Tatizo la pili linahusu mahali. Nota moja ya gitaa huweza kupatikana sehemu nyingi. Mi ya uzi wa kwanza uliowazi hupatikana pia kwenye freti ya tano ya uzi wa pili, freti ya 9 ya uzi wa tatu na freti ya 14 ya uzi wa nne. Kimo ni kilekile, lakini mlio si uleule. Uzi uliowazi hung'aa na kudumu. Uliokandamizwa juu ya shingo hufifia na kuwa mzito. Kwa mpigaji wa vidole viwili tofauti hii si ya urembo tu, kwa kuwa uzi ndio unaoamua kidole: nyuzi nene ni eneo la kidole gumba, nyembamba ni eneo la kidole cha shahada.

LilyPond, isipoelekezwa, huchagua mahali pa chini kabisa pa shingo panapowezekana. Kanuni hiyo inafaa kwa mazoezi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza, lakini ni kanuni ya hesabu, si ya muziki. Tena, programu hiyo hugawa tarakimu ndani ya kila sauti peke yake. Ikiwa sauti ya kidole gumba ina Sol na sauti ya kidole cha shahada ina La iliyo hatua moja juu yake, na zote zinapigwa kwa wakati mmoja, sauti ya kwanza itaipeleka Sol kwenye uzi wa tatu uliowazi, na sauti ya pili itaipeleka La kwenye freti ya pili ya uzi huohuo wa tatu. Tarakimu mbili zitapandana mahali pamoja. Hakuna gitaa duniani linaloweza kutoa nota mbili kwa uzi mmoja kwa wakati mmoja. Mpigaji yeyote angejua bila kufikiri kwamba Sol hiyo ni ya uzi wa nne, freti ya tano, chini ya kidole gumba.

Kosa hili linafundisha kuliko linavyoudhi. Laiti nota hizo mbili zingeandikwa kama kodi moja katika sauti moja, programu ingeziona pamoja na kuzigawia nyuzi mbili. Kwa kuzitenganisha, mnukuzi amepata picha sahihi ya vidole na kupoteza ulinzi wa mashine. Dawa ipo: LilyPond inaruhusu namba ya uzi kuandikwa kando ya nota, au freti ya chini kabisa itajwe ili programu isirudi mwanzoni mwa shingo, katika MuseScore mnukuzi huandika tarakimu moja kwa moja kwenye mstari wa uzi anaoutaka, au huihamisha nota kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Lakini dawa hizo zinahitaji mnukuzi anayejua uzi gani ulipigwa, na maarifa hayo hayatoki kwenye programu. Hutoka kwa kumwona mpigaji, au kwa kulishika gitaa na kujaribu hadi mlio wa santuri upatikane mkononi.

Hapa tofauti kati ya njia ya Rycroft na ile ya Low inapata uzito mpya. Nota za mistari mitano zilizonukuliwa kwa sikio zinaweza kuwa sahihi kwa kimo cha kila mlio na bado zisiseme lolote kuhusu uzi. Nota hizo zikiingizwa leo katika programu na kugeuzwa tablatura kwa kubofya mara moja, zitazaa tarakimu zenye uhakika wa uongo. Msomaji ataona freti na uzi, ataamini kuwa ndivyo Mwenda alivyopiga, kumbe ni mashine ndiyo iliyokisia. Maandishi ya sikio yamevikwa nguo za maandishi ya jicho.

5.0 Kidole na sikio

Swali gumu zaidi ni lile lililoachwa katika sehemu ya tatu: kati ya njia ya vidole na njia ya sikio, ipi ifuatwe?

Wanaotetea sikio wana hoja nzito. Mwaka 1962, katika jarida lilelile lililochapisha uchambuzi wa Rycroft, Gerhard Kubik alieleza jambo alilolikuta katika muziki wa ala wa Afrika Mashariki na Kati: kwamba msikilizaji husikia ruwaza ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Katika marimba za Buganda, wapigaji wawili hupishanisha mapigo yao kwa kasi, na sikio huokota nota zilizo karibu kwa kimo na kuziunga kuwa melodia mpya. Melodia hiyo haipo katika mikono ya mpigaji wa kwanza wala ya wa pili. Ipo kati yao.

Jambo hilohilo, kwa udogo wake, limo katika kipimo cha mfano. Sauti ya katikati, Mi, Sol, Mi, inapigwa na kidole gumba, kisha kidole cha shahada, kisha kidole gumba. Ni sauti isiyo na kidole. Mnukuzi anayefuata vidole ataigawa vipande viwili na kuificha. Mnukuzi anayefuata sikio ataionesha, na msomaji wake ataelewa kwa nini wimbo unasikika ulivyo. Kwa mtazamo huu, njia ya vidole ni sawa na kuandika shairi kwa kufuata pumzi za msomaji badala ya mizani yake.

Hata hivyo hoja ya sikio ina udhaifu wake. Kwanza, sikio si moja. Ruwaza zinazojitokeza hutegemea kasi, mkazo wa mpigo, ubora wa rekodi na mazoea ya msikilizaji. Wasikilizaji wawili waweza kutoa sauti tatu zinazotofautiana kutoka kwenye kipimo kilekile, na wote wakawa wakweli. Vidole havina utata huo: pigo fulani lilifanywa na kidole gumba au halikufanywa. Pili, sauti zinazosikika ni zao la kazi ya vidole. Anayefuata mwendo wa kidole gumba na cha shahada kwa usahihi atazalisha ruwaza zote ambazo sikio laweza kuziokota, hata zile ambazo mnukuzi hakuzisikia. Anayejaribu kupiga sauti tatu za sikio kama nyimbo tatu atavunja mpishano uliozizaa, naye atapoteza mti kwa kulikimbilia tunda.

Tatu, na hili ndilo la msingi, tablatura kwa asili yake ni maandishi ya mkono. Haimwambii msomaji nini kitasikika. Inamwambia nini afanye. Kuitumia kwa ajili ya sikio ni kuidai kazi isiyo yake, ilhali mistari mitano ya kawaida ipo na inaweza kuwekwa juu ya tablatura katika ukurasa uleule. Kwa hiyo uhakiki huu unaegemea upande wa vidole: katika tablatura ya mtindo wa Katanga, sauti ya chini iwe ya kidole gumba, vijiti vyake vielekee chini, sauti ya juu iwe ya kidole cha shahada, vijiti vyake vielekee juu, na mikondo mingine iachwe wazi.

Uamuzi huo haumaanishi kuwa melodia inayosikika itupwe. Milán alikwisha kuonesha njia. Katika kitabu chake, pale wimbo wa mwimbaji ulipopita ndani ya nyuzi za ala, tarakimu zake zilichapwa kwa wino mwekundu kati ya tarakimu nyeusi. Sauti haikutenganishwa kwa vijiti wala kwa mstari wake. Ilipakwa rangi na kuachwa mahali pake mkononi. MuseScore na LilyPond zote zinaruhusu tarakimu moja moja kupewa rangi ya kudumu, tofauti na zile rangi za uteuzi zinazobaki skrini bila kufika kwenye karatasi. Na kwa kuwa maandishi ya wanafunzi wengi hupitia mashine ya fotokopi, ambako nyekundu na nyeusi huwa kitu kimoja, duara dogo kuzunguka tarakimu litafanya kazi ileile.

6.0 Pingamizi

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kidole kinaweza kuoneshwa kwa herufi. Wapigaji wa gitaa la kitaalamu la Ulaya hutumia p kwa kidole gumba na i kwa kidole cha shahada, na programu zote mbili zinaweza kuzichapa. Hivyo mikondo ingebaki huru kwa ajili ya sikio. Jibu ni kwamba herufi hufaa panapokuwa na shaka, si mahali ambapo kila nota inahitaji moja. Katika mtindo unaopishanisha vidole viwili mfululizo, ukurasa ungejaa p na i kuliko tarakimu. Kijiti kinafanya kazi hiyo bila kuongeza alama hata moja, na mpishano wa juu na chini huonekana kwa jicho kabla haujasomwa.

Ya pili ni kwamba kila kidole kingeweza kupewa mistari yake sita, mmoja juu ya mwingine, kama kwaya inavyozipa sauti mistari tofauti. Njia hii ina manufaa darasani, hasa mwanafunzi anapofundishwa mwendo wa kidole gumba peke yake kabla ya kuongezewa cha shahada. Lakini kama maandishi ya kudumu inagawanya gitaa moja kuwa mawili. Msomaji haoni tena kuwa uzi wa tatu na wa nne ni majirani, na ujirani huo ndio unaozaa sauti ya katikati.

Ya tatu ni ya wale wanaosema rekodi zinatosha, kwa kuwa muziki huu ulipitishwa kwa kusikia na kuona, na maandishi ni mgeni. Ni kweli kwamba hakuna tablatura iliyomfunza Mwenda. Lakini mnyororo wa kusikia na kuona unahitaji mtu wa kuonwa. Mnyororo huo unapokatika, maandishi mabaya hujaza nafasi kama maandishi mema hayapo. MuseScore na LilyPond zinapatikana bila malipo chini ya leseni huria, kwa hiyo kikwazo cha gharama hakipo. Kinachobaki ni kikwazo cha uangalifu.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba programu za kuandikia muziki hazina dhana ya sauti inayolingana na sauti ya kwaya wala ya gitaa. Zina mikondo ya muda. Tarakimu za tablatura hazibadiliki kwa kubadili mikondo, ila maana anayoipata msomaji hubadilika. Muda halisi wa mlio hauandikiki kikamilifu, na mnukuzi mwaminifu hatajaribu kuujaza kwa mikondo isiyosomeka. Uchaguzi wa uzi hauwezi kuachiwa mashine, hasa sauti zinapokuwa zaidi ya moja, kwa sababu ndipo mashine inapopofuka.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila unukuzi wa mtindo huu unaowasilishwa kama kazi ya kitaaluma ueleze mambo matatu katika ukurasa wake wa kwanza: sauti za programu zinawakilisha nini, nyuzi zilijulikana kwa kuona au kwa kukisia, na urefu wa nota ni agizo au ni makadirio. Mistari mitatu ya maelezo inatosha. Bila maelezo hayo, mwanafunzi wa Likasi, Nairobi au Dar es Salaam atakayefungua ukurasa huo hatajua kama anafuata mkono wa mpigaji, sikio la mnukuzi, au makisio ya kompyuta.